Moto peke yake hausafishi fedha

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kufundisha watoto kanisani, na somo lilikuwa Malaki sura ya 3. Nikawasomea pale nabii anaposema kwamba Bwana atakapokuja atakuwa kama moto wa mtu asafishaye fedha na kama sabuni ya mtu afuaye nguo, naye ataketi kama asafishaye fedha na kuitakasa. Sijafika hata kwenye maelezo, mtoto mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono. "Mwalimu, kutakatisha fedha si kosa? Kwenye taarifa ya habari watu wanapelekwa mahakamani."

Hakuwa anatania. Alikuwa na wasiwasi kweli, maana Mungu anafananishwaje na mtu wa kesi? Wenzake wakanyamaza wakinitazama. Ndipo nilipotambua kwamba watoto wetu wa Dar wanakua wakijua fedha ni noti, au salio kwenye simu, basi. Ile fedha yenyewe, nyeupe, inayolia ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji, wengi hawajaigusa. Nikavua pete yangu, ikapita mkono kwa mkono, na kabla haijanirudia kengele ikalia. Nikamwahidi jibu kamili Jumapili inayokuja.

Jibu lenyewe nimekuwa nikiliandika usiku, wiki nzima, na limekuwa refu kuliko dakika ishirini za darasa. Naliweka hapa lote. Watoto nitawapa kipande.

Mimi ni sonara. Nina meza yangu ya kazi Kariakoo, chumba kidogo ghorofa ya pili, si mbali na Mtaa wa Aggrey. Huu ni mwaka wa 17. Nilianza kwa kufagia, na kwa sonara kufagia ni kazi yenye heshima, kwa sababu vumbi la sakafuni ni mali: linakusanywa kila jioni kwenye ndoo, na likishakuwa la kutosha linachomwa ili zitafutwe chembe zilizodondoka. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alijifunzia Unguja kwa mafundi wa Kihindi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na mimi ni Mlutheri, na hilo halikutusumbua hata siku moja. Yeye alinisimulia jinsi Mwenyezi Mungu alivyomlainishia Nabii Daudi chuma na kumtiririshia Nabii Suleiman chemchemi ya shaba. Mimi nilimsomea Ayubu 28, ile habari ya watu wanaoning'inia kwa kamba shimoni wakitafuta madini mbali na makazi ya watu. Aliipenda sana. Akiwa na kazi ngumu mezani alikuwa akiniambia, "Binti, nisomee ile ya machimbo."

Sasa, kuhusu Malaki, kuna mahubiri ambayo kila Mkristo wa mji huu ameyasikia, na kama hujayasikia kanisani umetumiwa kwenye simu. Mama mmoja alimwendea mfua fedha akamkuta ameketi mbele ya moto. Akamuuliza, utajuaje kwamba fedha imeshasafika? Fundi akajibu, nitajua nikiiona sura yangu ndani yake. Ni hadithi nzuri na imewafariji watu wengi waliokuwa kwenye mateso, nami sitaki kumnyang'anya mtu faraja yake. Ila Malaki hakuandika habari ya sura. Na hadithi hiyo inaacha nje kitu ambacho manabii wenyewe walikijua vizuri, maana walimwona fundi akifanya kazi. Inawafanya watu waamini kwamba ukiweka fedha chafu motoni na kungoja, itasafika.

Haisafiki. Nalijua hilo kwa kosa lililoniuma.

Mwaka wangu wa tatu kazini, mama mmoja wa makamo alituletea shilingi kumi na mbili za zamani, zile za Afrika Mashariki zenye simba amesimama mbele ya milima upande mmoja na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande wa pili. Alikuwa ameachiwa na mama yake. Alitaka zifanywe bangili ya mjukuu. Mzee alikuwa amesafiri. Nikazitazama, nikaona nyeupe, nikasema hii ni fedha. Nikaacha moja kando kama kumbukumbu ya yule mama, nikaziyeyusha kumi na moja usiku huohuo. Kilichomiminika kwenye kalibu kilipopoa kilikuwa chekundu-chekundu, rangi ya shaba iliyopauka. Nikadhani ni uchafu. Nikarudisha motoni, nikaongeza moto, nikaongeza boraksi, nikasubiri. Kikatoka vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Saa nane ya usiku nilikuwa nimekaa na donge jekundu mkononi, na simba kumi na mmoja wamepotea, wasiorudi tena.

Mzee aliporudi alinieleza. Shilingi zile, tangu zilipoanza 1921, zilikuwa na fedha robo tu. Robo tatu ni madini ya bei ndogo, shaba kwa wingi. Kiwandani zilioshwa kwa asidi ili shaba ya juu iondoke na ngozi ibaki nyeupe. Nilipoziyeyusha ngozi ikachanganyika na nyama, basi ukweli ukaonekana. "Moto unayeyusha, binti," aliniambia. "Ukitia mchele wenye mawe chunguni ukapika, utapata wali wenye mawe. Kupika siyo kuchagua." Yule mama alilipwa bangili ya fedha halisi kutoka mfukoni mwa mzee, nami nilikatwa mshahara wa miezi minne, na haki ilitendeka. Ile shilingi moja alituachia. Nitairudia.

Kinachochagua ni risasi.

Ndiyo, risasi, hayo madini mazito ya kijivu ambayo tumeyaazima jina tukaliita kila kinachotoka kwenye bunduki. Wavuvi wanayajua kama chubwi, ile inayozamisha mshipi. Baada ya msiba wangu wa shilingi, mzee alinituma Feri kununua chubwi mbili, kisha akanipeleka kwa ndugu yake mwenye uwanja wazi huko Chanika, mbali na nyumba, ili nione mara moja kwa macho yangu kazi ambayo sisi siku hizi tunaifanya kwa tindikali.

Alikuwa ametengeneza kisahani kidogo cha jivu la mifupa ya ng'ombe, limepondwa likachekechwa kama unga, likalowanishwa na kukandamizwa kwa kitako cha chupa. Akakiweka katikati ya makaa. Akatia kipande cha bangili duni, kama gramu moja tu, na juu yake vipande vya chubwi, mara kumi na tano ya uzito huo. Risasi inayeyuka mapema, nyuzi joto 327 tu, kwa hiyo ikalegea kabla sijakaa vizuri. Fedha huhitaji 962. Lakini ikiwa ndani ya risasi iliyoyeyuka inamezwa kama sukari kwenye chai. Shaba nayo ikamezwa. Likawa tone moja, zito, linatetemeka.

Kisha akaanza kupuliza. Hapa ndipo kazi ilipo. Upepo ukipiga juu ya tone, risasi inashika hewa na kugeuka ganda jembamba la rangi ya manjano iliyoiva, linaloteleza juu ya tone kama mafuta juu ya mchuzi, likielekea pembeni. Na likienda haliendi peke yake. Linaichukua shaba. Bati likiwepo linachukuliwa, zinki inachukuliwa. Kisahani cha jivu kinafyonza ganda hilo kama kitambaa kinavyofyonza maji, lakini fedha hakiinywi. Fedha haikubali kushikana na hewa kwa namna ile, kwa hiyo inabaki. Dakika baada ya dakika tone linapungua, jivu pembeni linageuka njano, mzee hasemi neno.

Nilimuuliza kwa nini asisimame kidogo kunyoosha mgongo, tulikuwa karibu saa nzima. Akatikisa kichwa. Moto ukishuka kidogo ganda linaganda juu ya tone kama utando wa maziwa na kazi inakufa hapohapo. Moto ukizidi, fedha nayo inaanza kupotea. Basi Malaki aliposema "ataketi," alikuwa ameona. Neno lile halikuwekwa kujazia mstari. Msafisha fedha anakaa kwa sababu hawezi kuondoka.

Mwishoni tone likawa dogo kama punje ya mtama. Rangi zikaanza kupita juu yake, zambarau, kijani, njano, kama zile unazoziona kwenye dimbwi la barabarani lililomwagikiwa dizeli. Zikazunguka haraka, haraka zaidi, kisha kwa ghafla utando wa mwisho ukakatika na punje ikamweka, mara moja, kama jicho lililofunguka. Mzee akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo na ndipo akapumua. Sura ya mtu huwezi kuiona katika punje ile. Ila mmweko ule nimeuona, na sijui kama nitaweza kuwaeleza watoto ulivyonishika kifuani.

Akafunika kwa kigae ili ipoe polepole. Fedha safi ikiwa imeyeyuka inavuta hewa ndani yake, na ikipozwa kwa haraka inaitema, inachipua vinundu na kurusha chembe.

Naomba mtu yeyote asijaribu hili nyumbani. Mzee alinisimamisha upande unakotoka upepo na akakataa nisogee, kwa sababu moshi wa risasi unaingia kwenye damu na hautoki upesi, na kwa watoto unaharibu akili. Zamani hawakuwa na kinga. Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha vipimo vya barafu ya Greenland, iliyohifadhi hewa chafu ya mwaka kwa mwaka kuanzia 1100 KK, na ndani yake wakakuta risasi iliyosafiri na upepo kutoka kwenye tanuri za fedha za nyakati za Wafoinike na Warumi. Moshi wa wasafisha fedha wa enzi za wafalme wa Israeli bado umelala kwenye barafu. Nikifikiria vijana waliokuwa wakikanyaga mivukuto pale, nasikia huzuni.

Ukishaona kazi ile, fungua Yeremia sura ya 6, mwishoni. Mungu amemweka nabii awe mpimaji wa watu wake. Mivukuto inafukuta kwa nguvu, risasi imeteketea motoni, na usafishaji umekuwa wa bure. Wanaitwa fedha ya kutupwa. Kwa miaka nilisoma mstari ule nikiuliza risasi imefuata nini pale. Sasa naisikia sauti ya fundi aliyechoka. Upepo umetosha. Moto umetosha. Risasi yote imetumika, imegeuka ganda, imeondoka, na bado mbele yake kuna donge chafu. Uchafu ulizidi kiasi ambacho risasi ingeweza kubeba. Hiyo ndiyo hofu ya kila msafishaji, na hakuna mahubiri ya sura kwenye kioo yanayoweza kuibeba hofu hiyo. Ezekieli 22 naye anapanga shaba, bati, chuma na risasi katikati ya tanuri, akisema nyumba ya Israeli imekuwa taka za fedha. Orodha ile siyo ya kubahatisha. Ndiyo mabaki ya sahani la jivu.

Tena risasi haikuwa ngeni kwa fedha. Sehemu kubwa ya fedha ya kale ilitoka kwenye mawe ya risasi yenye fedha kidogo ndani yake, kwa hiyo fundi aliyeyusha jiwe akapata risasi, kisha akaifukuza risasi ili apate fedha. Kazi hii ni ya zamani mno: huko Habuba Kabira, kando ya Mto Frati nchini Syria, yamepatikana maganda ya risasi ya milenia ya nne KK. Nchi ya Israeli haikuwa na migodi ya fedha. Yeremia anataja fedha iliyofuliwa ikawa mabamba, iletwayo kutoka Tarshishi, ng'ambo ya bahari.

"Iliyofuliwa." Hapo lazima nisimame kidogo, kwa sababu naipenda lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno moja, kufua, kwa anayepiga madini nyundo na kwa anayesugua nguo kwenye beseni. Malaki ameweka hao wawili sentensi moja, msafisha fedha na mwosha nguo, na kwetu mafundi wote wawili wanafua. Na neno "kusubu," lile la ndama ya kusubu katika Kutoka 32, wale vijana wa mjini wanaomimina masufuria ya alumini kutokana na vyuma chakavu wanaliishi kila siku. Watafsiri wa Biblia ya 1952 walipoandika "kalibu ni kwa fedha, na tanuru kwa dhahabu" katika Mithali 17:3, walimaanisha chombo cha kuyeyushia. Mimi nilifundishwa kwamba kalibu ni kile cha kumiminia, kinachoipa fedha umbo. Nikisoma Mithali nalazimika kukumbuka maana yao, siyo ya mezani kwangu.

Shaba ilikuwa na hadithi yake. Kusini kabisa, jangwani karibu na Ghuba ya Akaba, kuna bonde la Timna. Mwanaakiolojia Nelson Glueck aliliita migodi ya Mfalme Sulemani miaka ya 1930. Mwaka 1969 Beno Rothenberg akafukua hapo hekalu dogo la Hathori, mungu wa Wamisri, na watu wakasema basi, kumbe ni ya Farao. Kisha Erez Ben-Yosef wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake wakapima mbegu na makaa yaliyobaki, wakaona kazi kubwa ilikuwa karne ya 10 KK, zama za Daudi na Sulemani, na wengi wanaona mafundi walikuwa Waedomu. Wamekuta hata vipande vya kitambaa cha zambarau ya kifalme. Mafundi wale walivaa vizuri.

Ila kilichonigusa mimi ni makaa. Tanuri za Timna ziliwashwa kwa mkaa wa mgunga na wa kichaka kile ambacho Biblia yetu inakiita mretemu. Elia alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Zaburi 120 inataja makaa ya mretemu kama adhabu ya ulimi wa hila, kwa sababu yanawaka kwa ukali na kukaa na moto muda mrefu. Watafiti waliochambua mkaa wa Timna waliona kwamba kadiri miaka ilivyopita mafundi walianza kuchoma miti hafifu na iliyotoka mbali, maana mizuri ilikwisha. Mama yangu anauza mkaa Tandika. Nilipomsomea hayo alisema tu, "Hata sisi ule mzuri tunaufuata mbali siku hizi," akaendelea kujaza kopo.

Katika 1 Wafalme 7 shaba ya Sulemani inasubiwa uwanda wa Yordani, kati ya Sukothi na Sarethani, kwenye ardhi ya mfinyanzi, na mwandishi anasema haikupimwa uzito kwa sababu ilizidi wingi. Fundi anayepima hadi vumbi la sakafuni akisoma hivyo anashusha pumzi.

Sasa ile shilingi. Ipo mezani kwangu, imelala kwenye mfuniko wa kopo. Juzi niliipima: gramu 7.7, imelika kidogo. Ilipotoka kiwandani ilikuwa 7.78. Katika 1 Samweli 13 tunasoma kwamba Israeli nzima haikuwa na mhunzi, Wafilisti wakihofia Waebrania wasijifanyie panga na mikuki, na mtu akitaka kunoa jembe au shoka aliteremka kwao. Kuna neno pale, "pimu," ambalo liliwashinda watafsiri kwa karne nyingi. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilidhani ni tupa. Baadaye ardhini yakapatikana mawe madogo ya mizani yamechongwa neno hilohilo, na uzito wake ni karibu gramu 7.8, kama theluthi mbili za shekeli. Kumbe lilikuwa bei. Mkulima alilipa fedha yenye uzito wa shilingi yangu ya simba ili kunolewa jembe moja! Nimeishika mkononi mara nyingi tangu nijue hilo. Ni kitu cha kumfilisi mtu.

Walilipana kwa kupima kwa sababu sarafu hazikuwepo bado. Ibrahimu alimpimia Efroni shekeli 400. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, ambazo kwa shekeli ya gramu 11.3 hivi hazifiki gramu 200. Zinajaa kwenye kiganja. Na palipo na kupima pana kuibiana. Vipande vya fedha vilivyofichwa ardhini kule Beth-sheani na Megido, vya baada ya 1200 KK, vimepimwa na kukutwa vimejaa shaba, na ndani yake aseniki imetiwa ili weupe usipotee. Isaya aliposema fedha yako imekuwa takataka, hakulazimika kutafuta mfano mbali. Na mimi nilidanganywa na weupe uleule, kwenye shilingi ya mfalme mwingine, karne thelathini baadaye.

Dhahabu nitaipitia haraka. Risasi haiwezi kuitenganisha na fedha, kwa sababu zote mbili zinabaki kwenye sahani. Kwa hiyo kwa muda mrefu dhahabu ilibaki na fedha ndani yake, mpaka mafundi wa Sardi huko Lidia, ufalme wa kale katika Uturuki ya leo, karne ya 6 KK, walipokuwa wakizika mabamba membamba ya dhahabu kwenye chumvi na kuyapasha moto bila kuyayeyusha, na chumvi ikaila fedha. Karakana yao ilifukuliwa miaka ya 1960. Chumvi!

Kuna kitu kimoja cha fedha ambacho ningependa kukiona kabla sijafa. Mwaka 1979 Gabriel Barkay alikuwa anafukua makaburi ya Ketef Hinomu, nje kidogo ya mji wa kale wa Yerusalemu. Kati ya wasaidizi kulikuwa na mvulana wa miaka 13 aliyekuwa msumbufu, akapewa kazi ya kusafisha kona moja ambako hakuna aliyetegemea kitu. Akapiga sakafu kwa nyundo, na chini yake ikaonekana hazina ya vitu vya marehemu. Humo mlikuwa na vikaratasi viwili vya fedha, vimeviringishwa kama vitako vya sigara. Ilichukua miaka mitatu kuvikunjua bila kuvivunja. Ndani, kwa herufi zilizokwaruzwa kwa ncha kali, kulikuwa na maneno ambayo mchungaji wetu anayasema kila Jumapili akiwa ameinua mikono: Bwana akubarikie na kukulinda. Ni ya karibu 600 KK, siku za Yeremia mwenyewe, na hakuna maandishi ya maneno ya Biblia yaliyopatikana ambayo ni ya zamani zaidi. Kikubwa kina urefu wa milimita 97 na upana wa 27.

Fedha iliyobaki na risasi nyingi haifuliki nyembamba hivyo. Inapasuka pembeni ukiipiga nyundo. Kwa hiyo nyuma ya vile vikaratasi kuna mtu aliyekaa mbele ya moto bila kuondoka, akisubiri mmweko.

Jana jioni nimefua bamba la milimita 97 kwa 27, unene sehemu ya kumi ya milimita, nikalipasha na kulifua tena mara nne. Uzito gramu 2.7. Kwa ajili ya wengine darasani nimekata mikebe ya soda kwa vipimo vilevile, vipande kumi na vitatu, na kila kimoja nimekibandikia msumari uliochongwa ncha. Wataandika kila mtu ubarikio, kisha waviringishe. Lile la fedha ni la mtoto aliyeniuliza kuhusu mahakama.